Mkono wa Ezekia na Sheria ya Madhara

Jumatatu, 3 Juni
Lyamkena, Makambako. Ukungu mpaka saa nne. Hakuna mteja wa fotokopi, nimesoma kesi sita za madhara. Chuoni bado wanatufundisha ile kesi ya konokono. Mwanamke kakuta konokono kaoza kwenye chupa ya soda, na majaji wa Uingereza wakakaa kujadili jirani ni nani. Nimecheka peke yangu, kisha nikaacha. Kaka yangu Ezekia hana mkono wa kulia na hakuna jaji aliyekaa.

Alhamisi, 6 Juni
Uzembe: wajibu wa kuwa mwangalifu, kuuvunja, madhara yaliyotokana na huko kuuvunja. Pembeni nimeandika jina la Mzee Yoeli. Ile dingdong yake, mashine ya kupasulia mbao iliyomkata kaka kule Matembwe, iliondolewa kinga ya msumeno kwa sababu ilichelewesha kazi. Yeye ndiye aliyeagiza. Vibarua wote walimsikia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeshinda kesi hii.

Ijumaa, 7 Juni
Sheria ya Ukomo. Madai ya madhara, miaka mitatu tangu siku ya kuumia. Nimehesabu mara mbili kwenye kalenda ya dukani. Mwisho ni Jumatano, tarehe 19. Hakuna aliyetuambia. Baada ya ajali waliokuja nyumbani ni wazee wa kanisa tu.

Jumapili, 9 Juni
Naandika nisijidanganye. Upatanisho ulifanyika sebuleni kwetu Matembwe. Mzee Yoeli alileta blanketi na kondoo, akaomba radhi, akalia kweli. Wazee wakauliza familia inataka nini. Baba akasema hataki kitu, ila amsomeshee mtoto mmoja. Mtoto huyo ni mimi. Tukasali, tukala. Ezekia alilishwa na mama. Nilifurahi siku ile. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 11 Juni
Nimemaliza hati ya madai. Kurasa nne. Sijawahi kupeleka chuoni kazi nzuri hivi. Mama Zuhura, mwenye duka, kaniuliza ada itatoka wapi nikimshtaki anayenilipia. Nimemnunia kutwa nzima.

Jumamosi, 15 Juni
Matembwe. Nimemkuta kaka anamenya viazi, amevibana kwa magoti. Nimemsomea hati yote. Alisikiliza vizuri kuliko wanachuo wenzangu. Nikampa kidau cha wino atie dole, kidole cha kushoto kingetosha. Akakataa. Nikamwambia kisheria Mzee Yoeli ni mzembe. Akasema anajua, yeye ndiye aliyekuwepo.

"Mdogo wangu, mkono umeshakwenda. Usinipotezee na ulichopata kwa huo mkono."

Nikamwambia basi mimi ndiye hongo. Baba alikuwa mlangoni. Akasema alitoa neno lake mbele ya Mungu na kondoo tulimla wote, mimi pia. Nimeondoka bila kuaga. Namchukia Mzee Yoeli. Leo namchukia na baba. Kaka siwezi, na hilo linanikasirisha zaidi.

Jumatatu, 17 Juni
Idd. Maduka mengi Makambako yamefungwa. Mama Zuhura kaniletea pilau. Sikuweza kula.

Jumanne, 18 Juni
Mahakamani, Njombe mjini. Hati kwenye mfuko. Karani kauliza mdai yuko wapi. Yuko nyumbani, nikasema. Akasema bila sahihi wala dole la mdai hapokei. Hilo nalijua, nimelisoma. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi. Kidau cha wino ninacho. Kidole ninacho. Nani angejua? Nimekaa pale mpaka miguu ikafa ganzi kwa baridi, kisha nikapanda gari la Makambako. Ningependa kuandika kwamba ni uaminifu. Niliogopa kufukuzwa chuo.

Jumatano, 19 Juni
Fotokopi. Fomu za shule, vyeti vya kuzaliwa. Saa tisa na nusu wanafunga masijala ya mahakama.

Jumapili, 23 Juni
Mzee Yoeli amepiga simu baada ya ibada. Kaniuliza habari za baridi, kisha muhula huu tunasoma nini. Nikasema madhara. Akauliza ndiyo nini. Nikamweleza polepole: mtu akimuumiza mwenzake kwa kutokuwa mwangalifu, namna anavyopaswa kumlipa. Akasema ada ya muhula ameshaituma, niangalie.

"Asante sana, Mzee," nikasema. "Mungu akubariki."