Kufuli la Mlango wa Nyuma

Dumaguete, 2 Mei 1994

Mwanangu Jovelyn,

Hujambo huko ugenini Taichung? Kikohozi kimepoa? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Shule ya masista inatafuta mpishi mkuu, nami nimeitwa kwenye usaili tarehe 20. Miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha samaki wa makopo, swali nililozoea ni "Mbona umechelewa?" Sasa wataniuliza kwa nini nilifukuzwa. Niseme kwamba moshi ulitanda, mlango wa nyuma umefungwa, nikavunja kufuli la bosi ili tutoke? Nijibu upesi.

Mama yako

Taichung, 10 Mei

Shikamoo Mama,

Kikohozi kimekwisha. Vaa gauni la buluu. Wakikuuliza jambo, vuta pumzi kwanza, usijibu kama unagombana na wauza samaki. Na kufuli usilitaje. Sema kiwanda kilipunguza watu. Nani atakwenda kuchunguza? Ukipata kazi hii, nami nafunga virago nirudi. Mkataba wangu wa kiwanda cha huku unakwisha Juni, na msimamizi anataka jibu kama nitauongeza, kabla ya Mei kwisha.

Mwanao

Dumaguete, 20 Mei

Mwanangu,

Natumaini hujambo.

Juma zima Dado jirani alijifanya msaili. Kila nikisema "walipunguza watu," anacheka. "Nila, unasema kama mtu aliyeiba kuku."

Leo nilikuta masista watatu mezani. Maswali ya kupika choroko na wali wa watoto mia tatu niliyajibu vizuri. Kisha Sista Benilda, mkuu wao, akauliza, "Kiwandani uliondokaje?" Nikavuta pumzi ulivyonifundisha. Nikasema, "Walipunguza..." Ulimi ukagoma. Nikamweleza yote.

Halafu akasema, "Kwa hiyo hapa kwetu nako utavunja?"

"Hapa sina haja ya kuvunja, Sista. Mlango wa jiko lenu umezibwa na magunia ya mchele. Nitayahamisha."

Hakuna aliyecheka. Wamesema nisubiri barua. Nimefagia uwanja mara tatu leo. Nisamehe.

Mama yako

Taichung, 29 Mei

Shikamoo Mama,

Barua yako imefika leo. Nimeisoma nimesimama penye mashine hadi msimamizi akanipigia kelele. Kwa nini hukunisikiliza? Neno moja tu, Mama. Magunia yao yanakuhusu nini?

Jibu lilitakiwa leo. Nimesaini miaka miwili mingine, maana nyumbani lazima mle. Usilie.

Mwanao

Dumaguete, 9 Juni

Mwanangu Jovelyn,

U mzima? Mimi mzima. Barua yako imenikuta jikoni, nikiwa nimefunga aproni ya shule. Waliniita siku mbili baada ya wewe kusaini. Sista Benilda alinipokea mlangoni, akasema, "Anza na hayo magunia."

Nilikukasirikia asubuhi yote, kisha nikajikasirikia mwenyewe, choroko ikaungua kidogo. Watoto wataila hivyo hivyo. Nimejaribu kujuta kwamba nilisema kweli. Nimeshindwa, na hilo ndilo linaloniuma ninapofikiria miaka yako miwili.

Chakula cha nyumbani sasa si mzigo wako tena. Mshahara wako ujiwekee mwenyewe. Na wakikupa likizo hata ya siku nne, njoo, nitakuombea ruhusa ule na watoto.

Kengele imelia. Wamepanga foleni.

Mama yako