Waya Kumi na Moja za Nyumba ya Soga

Soga, Kibaha.
Jumanne, tarehe 12 Agosti, 2025.

Mpendwa mtani wangu Jabiri,

Kabla hata ya salamu, nisamehe, naomba uyatoe masikioni yote uliyoambiwa kuhusu mimi na zile waya. Hussen mdogo wangu anaisimulia vibaya, mkewe Kudra anaisimulia vibaya zaidi, na kule Kurui nasikia sasa inasimuliwa na watu ambao hata Soga hawajafika. Mwenye habari ni mimi.

Haya, sasa hujambo? Shikamoo sikupi, umenizidi mwezi mmoja tu na mwezi wenyewe hauna shahidi. Goti linaendeleaje? Na shemeji Mwanahalima bado anakuvumilia? Mwambie nikifika huko Dodoma namchukua namrudisha kwao, kifungo alichotumikia kinatosha. Sisi huku wazima. Mimi mgongo unanikamata nikiinama, lakini nikisimama hakuna kijana wa Soga wa kuniweza.

Mwandiko wangu unaujua, ni wa ngumbaro, wa kujifunzia ukubwani, usome hivyo hivyo. Simu nimeikataa makusudi, maana kwenye simu nikianza tu kueleza watu wanacheka, na wa kwanza wewe.

Unajua mwanangu Shamsia kanunua nyumba hapa Soga, si mbali na stesheni ya treni ya umeme. Akaniambia baba, toka Kurui, uje tukae pamoja na mjukuu wako Saida. Tukahamia baada ya Idi, masika ndiyo yanaanza. Nyumba nzuri, bati jipya, choo ndani. Lakini waya, Jabiri! Aliyekuwa anakaa humu alikuwa mtu wa intaneti. Akiichoka kampuni hii anaita nyingine, na kila inayokuja inatoboa tundu lake, inapitisha waya yake, na ya zamani inaachwa palepale. Waya darini, waya dirishani, waya imekatiza mlango wa jikoni usawa wa shingo ya mtu. Dirisha la Saida halifungi kwa ajili ya waya, mbu wanaingia wanavyotaka. Mvua ikinyesha, maji yanaifuata waya kutoka kwenye nguzo, polepole, mpaka ndani, yanadondokea godoro la Shamsia. Mtu kanunua nyumba kapewa na mfereji!

Shamsia akawapigia simu wenye waya. Simu inajiongelea yenyewe, bonyeza moja, bonyeza mbili, ngoja muziki. Aliungoja huo muziki mpaka ugali ukaungua. Mwisho anaambiwa anayetakiwa kuomba zitolewe ni yule aliyejiandikisha. Aliyejiandikisha kahamia Songea, simu hapokei. Sasa mimi niende Songea kumtafuta mtu aje aniruhusu kufunga dirisha langu?

Wiki ya tatu ndiyo akaja fundi wao mmoja, kavaa kofia ngumu utafikiri anaingia mgodini. Akapanda ngazi, akatazama, akapiga picha, akashuka.

"Mzee wangu, hizi zote hazifanyi kazi."

"Hilo naliona, baba. Zitoe."

"Mimi kazi yangu kufunga. Kutoa ni idara nyingine."

"Iko wapi hiyo idara?"

"Huku kwetu bado. Ila naweza kukufungia mpya, ofa inaisha Ijumaa."

Ya kumi na mbili, Jabiri! Mtu anaziona kumi na moja zimekufa, anataka kuongeza ya kumi na mbili! Nilimwambia aondoke kabla sijamfunga yeye kwenye nguzo. Hapo ndipo nikasema basi, nitazitoa mwenyewe.

Wanasema niliingia na panga nikafyeka kama nafyeka shamba. Uongo mtupu. Wewe unajua kazi yangu. Kisarawe nzima, kuanzia Kurui mpaka Msimbu, nani asiyelalia kitanda nilichokiwamba mimi? Hata wewe usiku wa harusi yako ulilalia kamba zangu, na kama kilipiga kelele ni mwendo wako mbaya, si mkono wangu. Mtu wa kamba hakati kamba mpaka azione ncha zake zote mbili. Ndivyo mjomba, baba yako, alivyonifundisha, na ndivyo nilivyofanya. Kila waya niliishika mwanzo wake, nikaifuata kwa mkono, darini, ukutani, nje, mpaka nikaikuta ncha ya pili inaning'inia. Ikiwa haijashika chochote huku wala kule, naifunga kitambaa cha kanga chakavu, alama kwamba ni ya kutolewa. Nikang'oa vile vikulabu vilivyozishika ukutani kimoja kimoja kwa koleo, sikuchubua rangi. Matundu nikayaziba kwa simenti. Siku nne nzima, mtu wa umri wangu, juu ya ngazi ya mianzi!

Wanasema pia nilipigwa shoti nikadondokea kwenye pipa la maji. Waya hizo hazina umeme, Jabiri! Kwenye pipa niliingia kwa hiari yangu, joto lilikuwa kali.

Sasa waya kumi zimelala uani, ndefu, nyeusi, ngumu, zinateleza vizuri mkononi. Mtu mwingine angezichoma. Mimi niliziangalia nikaona kitanda. Mifumbati ya mti nilikuwa nayo tangu Kurui, miguu ninayo, nikaanza kuwamba kitanda cha kupokelea wageni wa Saida, maana huyu mtoto ameposwa, watu wa Msimbu. Kitanda hicho, wallahi, ukikikalia kinakuinua. Watu walitoka stesheni kuja kukiangalia.

Waya ya kumi na moja ndiyo yenye fitina. Hiyo ilitoka kwenye nguzo, ikapita juu ya dari yetu, ikavuka uzio kwenda kwa jirani, mwalimu Felician. Yule mwenye nyumba wa zamani alikuwa anawaruhusu majirani wapitishe zao darini kwake. Nikamkuta Felician uzioni, kavaa kaptula, kikombe cha chai mkononi. Nikamwuliza kwa adabu zote, mwalimu, na hii? Akanipungia kikombe: "Ng'oa tu, mzee Pazi, hiyo ilishakufa tangu mwaka juzi!" Nikang'oa. Nikaimalizia kwenye kitanda.

Kumbe nzima, yule fundi wa kofia aliihesabu na zilizokufa kwa kuitazama tu! Ndiyo iliyokuwa inamletea intaneti. Na wiki hiyohiyo alitakiwa aingize alama za wanafunzi wake kwenye mfumo, kuna siku ya mwisho. Akahangaika na bodaboda mpaka Kibaha mjini, akachelewa, shuleni wakampa barua ajieleze. Hilo lilinisikitisha, sikufichi. Lakini aliponijia sasa! Eti hakusema. Eti kikombe chenyewe hakijui. Anasimama mbele ya mjumbe, mtu mzima, mwalimu, anakana maneno yake. Tangu hapo kila anayepita nampa habari ya kile kikombe, na mtaa umegawanyika, wengine wanamwamini yeye, wengi mimi, maana mimi nasimulia vizuri.

Nikasema sawa, nitairudisha. Jabiri, waya ile ilikuwa katikati ya kitanda, imeshika zote. Nikakifumua kitanda kizima, kazi ya siku sita, uani, watu wanaangalia. Yule fundi wa kofia akaitwa, akaishika, akacheka. Anasema ndani mna uzi wa kioo, na kioo ukikikunja kimevunjika, waya haifai tena. Kioo! Nimewamba katani, nimewamba ukindu, nimewamba mpaka nailoni. Kioo ndani ya kamba nani aliniambia? Waliotoboa nyumba ya watu hawakuandika hata neno moja juu yake. Halafu aibu iwe yangu!

Na hiyo habari kwamba eti nilikata waya ya treni, ikasimama kwa saa mbili nzima, ni maneno ya Kudra. Treni ile siku hiyo ilipita kwa wakati, niliipungia mkono.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikamate kalamu. Wakwe watarajiwa wa Saida wanakuja Jumapili tarehe 24 kupewa majibu. Wewe unajua, tangu mjomba afariki, msemaji wa ukoo huu kwenye mkeka wa posa ni mimi. Posa kumi na tisa, hakuna hata moja iliyoharibika mdomoni mwangu. Hata yako, ulivyokuwa umekonda vile, nani aliyewafanya wakina Mwanahalima wakukubali? Juzi Hussen kaitisha watu, kasema mwaka huu atasema yeye. Sababu? Eti Msimbu wameshasikia, wanatucheka. Na akaniambia mbele ya binti yangu: "Kaka, mtu aliyechukua waya ya jirani bila kumwuliza, atakaaje mbele ya watu kuwaeleza namna ya kuombana?"

Hilo neno halijanitoka, Jabiri. Nililala nalo, nikaamka nalo. Saida ndiye aliyelia, anasema anamtaka babu yake aseme.

Wewe ndiye mtoto wa mjomba, ndiye mkubwa wetu aliyebaki, hata kama ni kwa mwezi wa kubahatisha. Ukisema neno, Hussen hawezi kulipita. Nakuomba umpigie kabla ya Jumapili hiyo, umwambie wewe unasimama na Pazi, Pazi aliuliza akajibiwa, na mkekani atakaa Pazi.

Mengine ni mazuri. Muhogo wa Kurui umekubali, nimemwachia Ashrafu mpwa wangu auangalie. Dirisha la Saida linafunga sasa, na kwa Shamsia hakuvuji tena.

Nisalimie shemeji Mwanahalima sana, nisalimie Herieth mkweo na wajukuu wote, hata yule aliyerithi masikio yako, maskini. Mungu akupe nguvu ya goti, akuweke mpaka umwone Saida ana watoto.

Hapa nilitaka kufunga kwa kiapo kuwa kila neno ni kweli, kama ninavyofungaga. Kalamu nimeiweka chini mara mbili. Wewe utasimama mbele ya Hussen kwa jina lako, si kwa langu, na jina lako sijawahi kulichezea hata kwenye utani.

Kikombe hakikuwepo, Jabiri. Felician hakuwepo. Alikuwa shule, mkewe Laurentia alikuwa jumuiya, geti lao lina kufuli. Waya kumi hazikutosha, kitanda kilibaki wazi upande wa miguuni, kama urefu wa mikono miwili, na mimi nilishawatangazia watu kwamba kesho waje waone. Ile ya kumi na moja niliifuata mpaka uzioni tu. Ncha yake ya pili sikuiona, nikaing'oa hivyohivyo. Kikombe nilikitunga jioni ile nilipomwona anakuja kakasirika, na nilivyokisimulia mara ya pili kilinoga, mpaka leo mtaani mwongo anaitwa mwalimu.

Barua hii nikishaifunga navuka uzio kwenda kumwambia, na kwa mjumbe pia. Ukiona bado nafaa mkekani, mpigie Shamsia. Ukiona aseme Hussen, mpigie Hussen, ila umwambie atoe sauti, wasije watu wa Msimbu wakadhani anaomba maji ya kunywa.

Ni mimi ndugu yako na mtani wako, nikupendaye hata ukinikatalia,

Pazi