Jicho la Kushoto la Gradi

Berea, Johannesburg
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Yaya Jeanne mpenzi,

Amani ya Bwana Yesu iwe nawe na wote mlioko Uvira. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, saluni inanilisha na Mungu ananipa usingizi. Nimeona nisikutumie sauti kwenye simu, maana watoto wa hapo wangeisikia kabla yako. Barua hii nimempa Firmin wa kanisani kwetu, anayekuja huko kuzika. Habari ni za mwanao Gradi. Usishtuke, yu hai na anakula vizuri.

Najua umefunga na akina mama wenzako ili ashinde pambano la mwezi huu. Yaya, pambano halikufanyika. Nivumilie nikusimulie taratibu.

Ulinikabidhi mtoto mwembamba asiyejua Kizulu wala Kiingereza, akawa anapigwa shuleni kila siku. Ndipo Jacques, yule Mlubumbashi anayefundisha ngumi kwenye ghala moja la Doornfontein, akaniomba nimwachie jioni. Wewe ulisema ngumi ni za wahuni. Haya, siku hizi wahuni haohao wakimwona kwenye robot, taa za barabarani, wanashusha vioo vya magari kumsalimu. Alipotwaa mkanda wa jimbo, mchungaji aliuombea mbele ya kanisa, na mama mmoja aliyekosa mtoto akaomba ajifunge mkanda huo tumboni. Gradi alimfunga mwenyewe, akamwonya kwamba mkanda ule umezoea wanaume wenye jasho. Tulicheka. Mama yule sasa ana mimba, na tangu hapo kanisa zima linamtazama mwanao kama nabii.

Kabla ya kila pambano namnyoa mimi, hakubali mkono wa mtu mwingine. Safari hii nilisogeza mkasi karibu kabisa na jicho lake la kushoto, nipunguze nyusi. Hakupepesa. Nikapitisha kitana mbele ya jicho hilo, halikukifuata. Nikamuuliza. Akasema jicho hilo lina giza tangu pambano la Pasaka, na siku ya kupimwa macho alitaja herufi za ukutani kwa kukariri. Daktari mwingine, aliyemwendea kwa siri, alimwambia ngumi nyingine kichwani inaweza kumwondolea hata la pili. Nikamwambia basi aache. Akasema ataachaje, na mama yake amefunga, na kanisa limefunga? Akanitaka niape kwamba sitasema. Wajua Yesu alitukataza kuapa, nikanyamaza. Naye akadhani nimekubali.

Siku chache baadaye daktari wa mchezo alimpima upya, pambano likafutwa, mkanda ukarudishwa. Gradi alikuja kwangu, akalalia paja langu, akalia, akisema siku akimjua aliyemsema hatamsamehe.

Yaya, ni mimi. Kesho yake tu baada ya kumnyoa nilikwenda Doornfontein nikamweleza Jacques. Alisema "Eish, mama," akakaa juu ya ndoo, kisha akampigia simu daktari wa mchezo. Tangu hapo nampakulia Gradi mboga ya sombe na samaki wa ndagala kila jioni, yeye anakula, mimi namtazama tu. Sikumwambia, maana sasa niliogopa kumpoteza kuliko nilivyoogopa hilo jicho.

Leo tulipotoka kanisani, akiwa kwangu anakula, nikashindwa, nikamwambia yote. Aliendelea kutafuna. Kisha akasema, "Mama mdogo, nilijua siku ileile niliyolia, nilipotoka hapa. Jacques hawezi kukaa na neno."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuacha kuja kwangu.

"Sasa ningekula wapi?" akasema, akasogeza sahani nimwongezee.

Nimeongeza, Yaya, mpaka sufuria ikabaki tupu. Kesho anaanza kuwafundisha watoto pale kwa Jacques. Ukimpigia simu, tafadhali usimuulize habari za mkanda. Muulize amekula nini.

Nisalimie shemeji, na watoto wote wa hapo nyumbani. Bwana akutunze, na goti lako alinyooshe.

Mdogo wako akupendaye,
Victorine