Kicheko cha Kasuku kwa Kihispania

Wewe, acha unachofanya. Nimejifungia kwenye choo cha studio, na leo sina mzaha.

Unaijua ile albamu ya watoto aliyoimba mdogo wangu Kasuku, mwaka mmoja kabla hatujamzika. Wanairekodi upya kwa Kihispania. Jana bosi aliniambia nifute sauti yake, ubaki muziki mtupu. Nikafuta kwa mkono wangu, huku natania ili nisilie.

Leo kaja mtoto wa kuimba, mwenye pengo la meno, Kiswahili hajui hata neno. Mama yangu naye akaja, eti alikuwa anapita tu.

Mtoto akaimba vizuri. Kufika ubeti wa pili, akacheka.

Kicheko kile kile. Pale pale. Kile cha Kasuku cha kuvuta pumzi kama mwenye kwikwi.

Bosi akamwambia mkalimani, "Mwambie asicheke."

Wakaongea, kisha mkalimani akasema, "Anasema ndivyo wimbo ulivyo. Kajifunza kwenye albamu ya zamani."

Mimi, na mdomo wote huu, nikainamia mitambo.

Mama akasema polepole, "Hapo Kasuku alicheka kwa sababu nilimkonyeza dirishani."

Wimbo ukarudiwa. Kufika hapo Mama akamkonyeza yule mtoto kupitia kioo. Akacheka tena, safari hii akimtazama Mama.

Bosi akanigeukia: "Kata hicho kicheko."

Nikasema nimebanwa na haja.

Sasa bosi anagonga mlango. Ndugu yangu, jana nilimfuta nikaweza. Mara ya pili, na Mama amekaa pale anatazama, siwezi.