Sufuria ya Mama na Neno Skrapu

Kwa Vonza, Kitui
9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Muindi,

Pokea salamu za nyumbani. Baridi ya huko Norwe imekuachia masikio? Sisi tu wazima, ila goti la Mama linasumbua kidogo. Mbaazi zimezaa mpaka tunagawia majirani.

Uliposema unakuja Agosti, Mama alicheka siku nzima. Nami nikaanza kusafisha boma, na hapo ndipo nilipojiletea balaa. Alipita Mwau, mtu wa skrapu, na mkokoteni wake, anabadilisha vyuma vikuukuu kwa mabeseni. Nikampa jembe lililovunjika na sufuria moja nyeusi ya stoo. Beseni langu jekundu nililifurahia kama saa moja hivi.

Muindi, ilikuwa ile sufuria kubwa tuliyokuwa tukigombania ukoko wake. Mama aliiweka ulipoondoka, akasema haipandi jikoni mpaka urudi. Miaka kumi na moja, nami nikasahau kabisa. Alipoiulizia, nilikosa pa kuweka uso.

Nilikimbia hadi kwa Mwau pale sokoni. Nikaikuta imeshakanyagwa. Nikarudisha beseni, akanicheka, akanipa sufuria. Fundi Mutisya aliigonga siku mbili kuinyoosha.

Binti yangu Mutindi, si unajua ni mwalimu wa Kiingereza, alinipa somo nikiwa na masizi hadi kichwani. Kumbe kwa Kiingereza skrapu si vyuma tu. Zamani ilikuwa makombo ya chakula. Ukifuta mpango, umeuskrapu. Watoto wakikunjana mashati, hiyo pia ni skrapu. Na asili yake, anasema, ni lugha ya kale ya hao watu wa huko kwenu: skrapa, yaani kukwangua. Hebu waulize majirani zako.

Sasa sufuria inakaa upande. Mama aliiangalia, hakunigombeza, akasonga ugali humo kuona kama bado inaivisha. Kisha akakwangua ukoko, akauweka kwa sahani, akaufunika. Akasema ni wa Muindi. Nililia kidogo, sikufichi.

Mjomba Nzuki na Mutindi wanakusalimu sana. Mungu hamtupi mja wake, naye akufikishe kwetu salama.

Huo ukoko niliula mimi. Mama ameniamuru nikiri kwa mkono wangu. Njoo tuugombanie mwingine.

Akupendaye bila kuchoka,
Dada yako Kalunde