Kamera Isiyo na Heshima

Alhamisi, Kitengela. Baridi kavu, na vumbi limeingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Mama tunamzika Jumamosi kule Kimuka, nami nimekaa hapa nikiwaza kuhusu kamera.

Ni ile yangu ndogo ya dijitali, inayotoshea mfuko wa sweta. Mnaosoma blogu hii mnajua nilivyoipigania. Nimewatukana humu nyinyi na simu zenu: kwamba simu haiwezi kupiga picha bila kukatizwa na umbea wa WhatsApp, kwamba inalainisha uso wa binadamu hadi unafanana na yai lililomenywa. Kamera yangu haidanganyi, niliandika. Ukitaka kuona mbali, lenzi yenyewe inatoka nje. Haivuti picha kama chapati. Na watu hawaiogopi. Wanadhani ni kitu cha kuchezea.

Yote hayo bado ni kweli.

Asubuhi tulienda dukani kuchapisha programu ya mazishi, mimi na ndugu yangu mdogo, Musyoka. Ilibaki kuchagua picha ya ukurasa wa mbele. Mimi nilikuwa na yangu: Mama jikoni akichambua maharagwe, kitambaa kimeenda upande, kovu la shavuni linaonekana, anacheka. Musyoka alileta ya simu: Mama na nguo ya kanisa, bila kovu, bila kunyanzi hata moja.

"Huyu si Mama," nikasema. "Huyu ni mjukuu wake."

"Na huyo wako ako na macho nyekundu kama paka, sista. Ukiikuza ni chengachenga tu. Watu watasema tunazika mchawi."

Mwenye duka alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Musyoka alisema kweli. Jikoni mle mlikuwa na giza, na kamera hii giza huishinda. Taa yake humpiga mtu usoni kama tochi ya askari. Siku nyingine ningebishana mpaka duka lifungwe. Leo niliizima kamera tu.

Ndipo akasema, polepole, "Si mimi nilichagua. Ni Mama mwenyewe aliniambia niifremu. Iko kwa ukuta tangu Krismasi. Hujaiona?"

Nimeiona. Nimekaa chini yake nikila mara nyingi. Nilidhani ni Musyoka aliyeitundika kwa kiburi cha simu yake.

Katika picha zangu zote, Mama hakuwahi kuniomba hata moja. Alichokuwa akisema ni, "Ndunge, hiyo kamera yako haina heshima. Weka chini, ule."

Nilimwambia mwenye duka aweke ya simu.

Hilo nalo halikuniuma. Ningependa liniume.

Sasa betri iko kwenye chaja. Ni betri ndogo, hukata ghafla bila kuaga; hilo nalo sikuwahi kuliandika. Sijui naichaji ya nini. Nadhani Jumamosi nitaitia mfukoni kama kawaida. Baada ya kaburi watagawa chakula, nami nitakuwa nimesimama pale nimeishika, na hakuna atakayeniambia niiweke chini nile.