Mabonge Manne

Jumamosi, Kimumu. Mvua inanyesha tangu saa nane na viatu vyangu bado vina vumbi la Yamumbi.

Wacha niseme tu. Namwonea Nekesa wivu.

Tunasoma jiolojia darasa moja, na ni rafiki yangu. Yeye hutazama jiwe mara moja akataja jina lake. Mimi hata nikipewa wiki nzima, nakisia. Jana Prof alitupeleka kwenye machimbo ya Yamumbi, kwenye ukuta wa mawe yaliyotupwa na volkano zamani. Hata mizigo hatujashusha, Nekesa akasema, "Hii ni breksia ya tufu."

Lakini jina kama hilo halitolewi kwa macho. Unatundika neti ya kamba yenye vifundo mia moja, unapima kipande kilicho chini ya kila kifundo. Kisichofika punje ya wimbi ni jivu. Kinachozidi ngumi ya mtoto ni bonge. Cha katikati ni lapili. Mabonge yakifika robo, hiyo ni breksia ya tufu. Yasipofika, ni tufu ya lapili tu.

Nekesa alipima na kuita, mimi nikaandika. Ndivyo tunavyofanya kila mara, na sifa zote humwendea yeye.

Mabonge yalikuwa ishirini na saba.

Alipoenda kunawa mikono, nilifuta manne kwa raba nikayahamishia kwa lapili. Yakabaki ishirini na tatu, chini ya robo. Jumatatu Prof anachagua mtu mmoja wa kwenda na timu ya kuchora ramani, na nilijua atakuwa nani.

Prof alisoma daftari, akamgeukia. "Nekesa, mbona unakimbilia jina?"

Nilifurahi. Naandika kwa sababu ni kweli, nilifurahi sana.

Nekesa alitazama ukuta, akatazama daftari. Angesema tuhesabu upya ningeumbuka. "Basi ni macho yangu," akasema. "Wambui hakosei kuandika."

Na wivu haujaisha, usidhani. Sasa namwonea wivu hata kwa vile anavyoweza kumwamini mtu.

Sasa hivi amenitumia ujumbe: "Kesho tukitoka kanisani twende Yamumbi tena? Unionyeshe nilikosea wapi."

Nimejibu sawa. Nitabeba neti na daftari lile lile. Pale raba ilipopita bado panaonekana.

Kesho mimi ndiye nitakayeita, na daftari nitampa yeye.